Zuwakulu Mfua-Shaba wa Asia: Si Kasuku, na Makosa Mengine Yana Ukweli Ndani Yake

Kila baada ya muda husambaa mitandaoni picha ya ndege mdogo mnene wa rangi ya kijani, mwenye kipaji chekundu, koo la manjano na mdomo mweusi uliozungukwa na vinyweleo vigumu, na kila anayeituma huiandikia maelezo yake. Mmoja atasema ni kasuku wa India, mwingine kwamba ni kinda la tukani, ndege mwenye mdomo mkubwa, kutoka Brazili, wa tatu ataapa kuwa ni kigong'ota. Hakosekani pia msomaji kutoka Voi au Arusha anayesisitiza kwamba ndege huyo si mgeni hata kidogo, kwa kuwa amewaona wenzake wakiingia na kutoka kwenye vichuguu. Ndege huyo ni zuwakulu wa Asia. Wote wamekosea, lakini hawakukosea sawasawa: katika majibu hayo manne, la kasuku peke yake ndilo lisilo na chembe ya ukweli.

Tuanze na maneno. Zuwakulu ni ndege wenye kichwa kikubwa kuliko mwili unavyodai, shingo fupi, mkia mfupi na mdomo mnene, ambao kuzunguka mdomo huo wameota vinyweleo mithili ya masharubu. Wako Afrika, wako Asia na wako Amerika ya Kusini na ya Kati. Wale wa Asia wamewekwa katika familia yao wenyewe, ambayo kwa jina la kitaalamu huitwa Megalaimidae, yenye spishi zipatazo 35 zilizoenea kutoka Pakistani na mitelemko ya Himalaya hadi Indonesia na Ufilipino. Spishi ni aina moja ya kiumbe ambayo dume na jike wake huzaana wao kwa wao. Familia, kwa wataalamu wa viumbe, ni kundi la spishi zilizotoka katika asili moja. Tofauti ya maneno hayo mawili tutaihitaji huko mbele, kwa sababu ndiko fujo yote inakoanzia.

Ndege wa kwenye picha ile ni mmoja wa hao 35. Jina lake la kitaalamu ni Psilopogon haemacephalus, na aliandikwa katika vitabu vya sayansi mwaka 1776 na Mjerumani Philipp Ludwig Statius Müller, kutokana na ndege aliyepatikana Ufilipino. Hapa tutamwita zuwakulu mfua-shaba, kwa sababu ya mlio wake. Ana urefu wa sentimita 15 hadi 17 tu na uzito wa gramu 30 hadi 52. Ukimtazama kwa karibu utaona kwamba rangi zake zimepangwa kwa utaratibu: kipaji chekundu kama damu, duara la manjano juu na chini ya jicho lililokatwa na mstari mweusi, koo la manjano, kisha kiraka kingine chekundu kidarini, na chini ya hapo tumbo la weupe unaoelekea manjano lenye michirizi ya kijani. Miguu ni myekundu. Dume na jike hawatofautiani kwa macho, na kinda hana wekundu wowote mpaka akue.

Mtu akizisoma rangi hizo hudhani kwamba ndege wa namna hii huonekana kutoka mbali, na hapo ndipo hadithi ya kwanza inapovunjika. Mgongo na mabawa yake ni ya kijani, na maisha yake yote yako juu kwenye majani. Anapotulia mgongo ukiwa umekuelekea wewe, unaweza kusimama chini ya mti dakika kumi ukimsikia na usimwone. Watu wengi wa miji ya India wanaijua sauti ya mfua-shaba tangu utotoni na hawajapata kumtia machoni.

Sauti yenyewe ni pigo moja, tuk, linalorudiwa na kurudiwa bila kupanda wala kushuka, kama fundi anayegonga bamba la shaba kwa nyundo ndogo. Huanza kwa unyonge, kisha hupata kasi yake na kukaa hapo, kati ya mapigo 108 na 121 kwa dakika, na mfululizo mmoja umewahi kuhesabiwa hadi mapigo 204. Wakati wa baridi hunyamaza. Joto linapoanza hurudi kazini, na mchana jua linapokuwa kali na ndege wengine wamekaa kimya kivulini, yeye hugonga tu.

Sauti hii imezaa dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba ndege huyo anagonga mti kwa mdomo, kama kigong'ota afanyavyo. Hagongi chochote. Hata mdomo haufungui: kwenye pande za koo ana sehemu za ngozi tupu zinazofura na kunywea kwa kila pigo, na kichwa huinama kidogo kila sauti inapotoka. Ya pili ni kwamba kila wanapoimba huwa ni ndege wawili wanaojibizana kutoka miti miwili. Inaweza kuwa hivyo, lakini mara nyingi ni mmoja tu anayegeuza kichwa huku na huku, na kwa kuwa sauti haibadiliki kwa lolote isipokuwa upande inakoelekea, sikio la aliye chini hudanganyika kwamba imehama.

Dhana ya kasuku nayo ina sababu zake, ingawa haina ukweli. Rangi ya kijani ni moja. Ya pili ni miguu: zuwakulu ana vidole viwili mbele na viwili nyuma, na kasuku vivyo hivyo. Mpangilio huo, hata hivyo, umetokea kwa njia tofauti katika makundi tofauti ya ndege wanaoparamia na kushika matawi, kwa hiyo hauthibitishi undugu. Mdomo wa kasuku umepinda kama ndoana na hupasua mbegu, ilhali wa zuwakulu umenyooka, ni mnene, na kazi zake kubwa ni mbili: kuchuma matunda na kuchimba.

Uchimbaji ndio unaomfanya afananishwe na kigong'ota, na hapa kosa linakaribia ukweli, kwa sababu zuwakulu na kigong'ota wako katika kundi kubwa moja la ndege na wote huzaa ndani ya mashimo wanayoyachimba wenyewe. Tofauti iko kwenye zana. Kigong'ota ana mkia mgumu wa kujiegemezea kwenye shina, na ana fuvu lililoumbwa kuhimili kishindo. Mfua-shaba hana mkia huo wala fuvu hilo, basi hutafuta mti laini au tawi lililokufa na kuanza kuoza. Nchini India hupenda miti kama mlonge, na wanaoujua mlonge wanajua jinsi mti wake ulivyo mwepesi kukatika. Tundu la kuingilia mara nyingi huwa upande wa chini wa tawi lililolala, ambako mvua haiingii. Dume na jike huchimba kwa zamu, jike hutaga mayai matatu au manne, na wote wawili huatamia kwa muda wa wiki mbili hivi. Nje ya majira ya kuzaa shimo hilo hutumika kama chumba cha kulala.

Kwa hiyo lawama kwamba ndege hawa wanaua miti haina msingi, kwani tawi wanalolichimba kwa kawaida limekwisha kufa kabla hawajafika. Kinachowadhuru wao ni kinyume chake, yaani mazoea ya kukata kila tawi kavu mjini kwa ajili ya usafi au usalama. Shimo lenyewe ni mali inayogombaniwa. Zuwakulu wa spishi kubwa zaidi, yule mwenye koo la buluu, amewahi kuonekana akibomoa shimo la mfua-shaba kwa mdomo, na wenyewe wakishalihama, ndege wengine wasioweza kuchimba hulirithi.

Kuhusu chakula, ndege huyu huitwa mla-matunda, na neno hilo lieleweke vizuri. Halimaanishi kwamba ndege huyo hali kitu kingine. Mfua-shaba hukamata wadudu, wakiwemo wanaoruka, na wadudu ni muhimu hasa wakati wa kulisha makinda, ambayo hayawezi kukua kwa utamu wa matunda peke yake. Lakini tegemeo lake la kila siku ni matunda, na kwa siku moja anaweza kula matunda yanayozidi uzito wake mwenyewe. Sababu ni kwamba matunda ya porini yana maji mengi na lishe kidogo, na tumbo lake huyapitisha upesi ili kupata nafasi ya mengine.

Matunda anayoyafuata zaidi ya yote ni ya miti ya jamii ya mkuyu: mbanyani, mpipali na jamaa zao wengi wa misituni. Kwa nini mikuyu na si mingine? Miti mingi ya misitu ya kitropiki ya Asia huzaa kwa msimu, na mingine hukaa miaka bila kuzaa. Mikuyu haifuati kalenda hiyo, kwa sababu kila spishi ya mkuyu huchavushwa na nyigu wake mahususi, mdudu mdogo kama punje, ambaye akishatoka ndani ya tunda huishi siku moja au mbili tu na ni lazima katika muda huo apate mti mwingine wa spishi ile ile ulio tayari kumpokea. Kama mikuyu yote ya spishi moja ingezaa kwa pamoja na kupumzika kwa pamoja, nyigu wote wangekufa na mikuyu isingepata mbegu tena. Kwa hiyo kila mti huzaa kwa wakati wake, na matokeo yake ni kwamba wakati wowote wa mwaka, mahali fulani msituni, kuna mkuyu wenye matunda mabivu. Mkuyu mmoja ukiiva, zuwakulu wa spishi mbalimbali, ninga, shore, hondohondo na nyani hukutana hapo wote kwa wakati mmoja, kila mmoja akichuma kadiri ya upana wa kinywa chake.

Zuwakulu hulipa karamu hiyo. Kokwa kubwa huzitapika, mbegu ndogo hutoka na kinyesi, na zote hudondoka mbali na mti mama. Mbegu ya mkuyu iliyoangukia kwenye panda ya mti mwingine inaweza kuota huko huko juu na kushusha mizizi polepole mpaka ardhini, na wakati mwingine mkuyu huo hatimaye humzunguka mwenyeji wake na kuchukua nafasi yake. Hivyo ndivyo mikuyu mingi mikubwa ya Asia ilivyoanza, na ndiyo maana huonekana ikiota hata kwenye nyufa za kuta za majengo ya kale.

Sasa tufike kwenye suala la tukani, ambalo ndilo gumu zaidi, na kwa maoni yangu ndilo tamu zaidi. Kwa muda mrefu zuwakulu wa mabara yote matatu waliwekwa katika familia moja, Capitonidae, na tukani, wale ndege wa Amerika wenye midomo mikubwa ya kupakwa rangi, wakawekwa katika familia yao. Mpangilio huo ulionekana wa haki kwa macho, kwani zuwakulu wote wanafanana, na tukani hafanani nao. Mwaka 1988 Mmarekani Richard Prum alilinganisha maumbile ya miili yao kwa undani na kuonyesha kwamba tukani si jirani wa zuwakulu bali ametoka ndani yao. Vipimo vya DNA vilivyofuata viliunga mkono jambo hilo.

Fikiria ukoo mmoja mkubwa wenye milango. Mlango wa kwanza ulijitenga ukabaki Asia. Waliosalia wakagawanyika tena: mlango mmoja Afrika, mwingine Amerika. Ndani ya mlango wa Amerika wakatokea watoto walioota midomo mikubwa kupita kiasi, na wageni walipowaona wakawapa jina jipya, wakidhani ni ukoo mwingine kabisa. Watu wa milango mingine waliendelea kuitwa kwa jina la zamani kwa sababu tu sura zao hazikubadilika sana. Ukihesabu vizazi badala ya kutazama sura, unapata jibu ambalo wengi hulikataa kwa mara ya kwanza: zuwakulu wa Tsavo ana undugu wa karibu zaidi na tukani wa Brazili kuliko alio nao na mfua-shaba wa Mumbai.

Ndiyo sababu orodha nyingi za ndege za siku hizi zimeipasua ile familia ya zamani. Wa Asia wana Megalaimidae, wa Afrika wana Lybiidae yenye spishi zaidi ya 40, wa Amerika wamebaki na Capitonidae, spishi mbili za milima ya Amerika ya Kati na Andes zimepewa familia yao ndogo, na tukani wana yao. Wapo waliopendelea kuwaunganisha wote, tukani wakiwamo, katika familia moja kubwa, na hilo nalo lingekuwa sahihi kwa hesabu ya vizazi. Kisichowezekana ni kuwaita zuwakulu wote familia moja na kumwacha tukani nje ya mlango. Kwa hiyo aliyeandika chini ya picha kwamba yule ni kinda la tukani alikosea ndege, akakosea bara, lakini undugu aliugusa.

Na yule wa vichuguu? Ndege anayemkusudia ni zuwakulu wa rangi nyekundu na manjano mwenye madoa meupe, anayechimba kwenye vichuguu na kingo za udongo katika nyika za Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Ni wa mlango wa Afrika, hula wadudu kwa wingi kuliko mfua-shaba, na huishi chini kuliko juu. Kama mtu anatafuta huku kwetu ndege anayelingana na mfua-shaba kwa tabia, awasikilize wale zuwakulu wadogo wa jenasi Pogoniulus (jenasi ni kundi la spishi za karibu ndani ya familia), wanaopatikana katika misitu ya pwani na ya milimani na hata kwenye bustani za mijini, ambao nao hugonga sauti moja kavu mchana kutwa. Wametengana na mfua-shaba tangu zamani sana na bado wanaimba karibu sawa.

Hata ndani ya Asia kwenyewe rangi huwadanganya watu kwa njia mbili zinazopingana. Mfua-shaba wa Java na Bali ana uso na koo jekundu pale ambapo yule wa India ana manjano, na asiyejua atasema ni spishi mbili, kumbe ni moja yenye nasaba tofauti za kieneo. Upande wa pili, katika misitu ya milima ya Ghats ya magharibi mwa India yupo zuwakulu wa Malabar, Psilopogon malabaricus, ambaye kwa mbali ni mfua-shaba mtupu, ila koo lake lote ni jekundu, naye ni spishi nyingine kabisa isiyopenda kutoka msituni. Zuwakulu wa Taiwan, ambaye Wachina humwita ndege wa rangi tano, alihesabiwa kwa miaka mingi kuwa tawi la spishi ya Malaysia na Sumatra, mpaka vipimo vya DNA na ulinganisho wa rangi vilipompa hadhi ya spishi inayopatikana kisiwani humo peke yake. Huchimba mashimo yake katika bustani za jiji la Taipei, na wapiga picha hupanga foleni chini ya mti.

Mipaka ya ndege hawa imeingia katika historia ya sayansi. Mwaka 1856 Mwingereza Alfred Russel Wallace alipita Bali kisha akavuka hadi Lombok, visiwa viwili vya Indonesia vinavyotenganishwa na mlango wa bahari ambao mahali pake pembamba ni wa kilomita 20 hivi. Bali aliwaona zuwakulu na vigong'ota. Lombok hakuwaona zuwakulu tena, na badala yake akakuta ndege wa asili ya Australia. Kina cha bahari ndicho kinachoeleza. Enzi za barafu, maji ya bahari yaliposhuka, Bali iliungana na Java na bara la Asia kwa nchi kavu, lakini mkondo wa Lombok ni wa kina kirefu na haukukauka. Ndege wa msituni mwenye mabawa mafupi, aliyezoea kuruka kutoka mti hadi mti, hana haja wala desturi ya kuvuka bahari. Sulawesi nako hakuna zuwakulu. Ufilipino wapo, lakini ni spishi moja tu, mfua-shaba.

Mwisho ni swali linaloulizwa kila picha hizo zinapozuka: je, wanatoweka? Mfua-shaba hatoweki. Anaishi kwenye kingo za misitu, mashambani na katikati ya miji mikubwa, mradi kuna mikuyu ya kula na matawi makavu ya kuchimba. Hali ya ndugu zake wa msitu mnene ni nyingine. Zuwakulu mwenye utosi mwekundu, Psilopogon rafflesii, wa misitu ya tambarare ya Rasi ya Malay, Sumatra na Borneo, amewekwa katika kundi la wanaokaribia kutishiwa, kwa sababu misitu hiyo ndiyo iliyofyekwa zaidi kwa ajili ya mbao na mashamba ya michikichi. Shamba la michikichi ni la kijani likionekana kutoka angani, lakini halina mkuyu wala gogo lililooza. Java kuna jambo la pili, nalo ni masoko ya ndege, ambako zuwakulu huuzwa wakiwa vizimbani kwa ajili ya sauti na rangi zao. Zuwakulu wa Java na Bali mwenye ukanda mweusi kidarini, Psilopogon javensis, anaubeba mzigo wa yote mawili, kwa kuwa nje ya visiwa hivyo viwili hana pengine pa kuishi.